Picha ya Saa Nane Usiku

Kazi yangu ni nyuso. Inua kidevu,
usicheke, masikio yaonekane,
picha nne kwa shilingi mia mbili, hapa Bondeni, Nakuru.
Ila kanisa lilitaka nyota za kalenda ya mwaka mpya,
ndiyo maana saa nane usiku nilikuwa ukingoni mwa Menengai,
kamera imeelekea magharibi, jicho wazi,
nami nahesabu hadi thelathini kwa sauti nisije nikasinzia.

Anga ilikuwa safi. Naapa, safi kama sahani ya mgeni.
Kwa macho sikuona kitu.
Kamera ndiyo iliyoona:
ukijani mwembamba, na ndani ya ukijani mikunjo,
upinde nyuma ya upinde,
ikipanda kutoka nyuma ya Mau
kama maji ya karai sabuni inapoponyoka.

Simu ikatetemeka. Kageha, dada yangu, Nyalenda, Kisumu:
"Maji yameingia. Kitanda kiko juu ya matofali.
Mabati ya jikoni sijui yameruka wapi.
Huko kwenu kunanyesha?"

Nikasema hapana.
Sikumwambia natazama nini.

Bi. Chelang'at, mwalimu wa fizikia,
alikuja kupiga picha ya fomu za pensheni.
Akaigeuza ile yangu mara mbili pale kaunta.
Dhoruba huipiga hewa ngumi kutoka chini, alisema,
na hewa hupokezana mshindo, tabaka kwa tabaka,
kilomita tisini: Kisumu hadi Kericho, lakini wima.
Huko juu hewa imekopa jua mchana kutwa;
usiku inalipa, senti kwa senti, kijani.
Wimbi likipita, deni hung'aa hapa, hufifia pale.
Kisha akainua kidevu kabla sijamwambia.

Ijumaa Kageha akaja, matope bado kwenye kucha,
kuulizia bei ya mabati.
Nikampa picha. Akaishika anavyoshika risiti.
"Na mimi niko wapi hapa?"

Nikazifuata pinde kwa kidole,
zikirudi chini, zikipungua, zikipungua tena,
mpaka karatasi ikaisha kabla hazijafika kati.
Kidole kikaendelea.
Kikavuka ukingo wa picha,
kikatua mezani, karibu na chai yake.