Bin, Binti

Msomaji habari alianzia kaskazini,
Khasab, Bukha, Shinas, Liwa,
wilaya moja moja, kama anayehesabu shanga gizani.
Kila mshindi na baba yake, na babu yake, na kabila,
majina marefu,
unamaliza finjani mbili za kahawa naye hajafika mwisho.
Sisi masikio tumeyatega neno moja tu: binti.
Kila mara anatoa bin.

Dada yangu Zeyana kakaa chini, mgongo ukutani,
daftari la jalada jekundu pajani.
Mna majina mia tisa na kumi na mawili humo,
na kila mwenye jina alisema inshallah.
Wengine walisema mara mbili.
Mmoja, fundi wa viyoyozi,
aliapa kwa maziwa ya mama yake.

Saham. Rustaq. Samail.
Mama anakata halwa kwa kijiko, hali, anakata tu.
"Sisi bado?" anauliza kwa Kiswahili.
"Bado," shangazi Shinuna anamjibu kwa Kiarabu.
Ndivyo nyumba yetu ilivyo:
swali hutoka Tabora, jibu hutoka Ibra,
wala hakuna anayeona ajabu.

Kisha wakaitaja Ibra.
Bin, akasema msomaji,
akaendelea na Bidiya.

Honi hizo! Gari jeupe nyuma ya gari jeupe,
kijana kachomoza nusu kiwiliwili dirishani
anapepea kilemba alichokivua kichwani.
Zeyana akafungua simu, akatafuta tarakimu yake mwenyewe
chini kabisa, baada ya wanaume kumi na wanne:
mia tatu na arubaini na moja.

Akaomba kalamu. Nikadhani anataka kulichanachana daftari.
Kumbe anatoa hesabu.
"Mia tano na sabini na moja," akasema.
"Nao wote kesho nitawaamkia.
Nusu yao wake zao nimewazalisha mimi,
kitovu nimekata kwa mkono huu."

"Mia tano na sabini na mbili," mama akasema.

Tukamgeukia.

"Mimi hukuniandika humo. Nani aandike jina la mama yake?
Basi sikiliza. Kile kioo cha kupigia kura kimejaa nyuso.
Nikamwona mwanamke, kanuna, shela imemkaba,
nikasema huyu siye, Zeyana wangu hana uso wa deni,
labda yuko ukurasa wa pili.
Nyuma watu wanakohoa, kijana wa kituo ananihimiza, yallah mama, yallah.
Nikambonyeza yule mwenye masikio
kama ya marehemu mjomba wenu Mbaruk."

"Ndiye aliyeshinda?"

"Wapi! Kapata kumi na tisa."

Shangazi alikuwa wa kwanza kuvunjika,
mtandio mdomoni, mabega yanatetema.
Zeyana akamtazama mama kwa muda mrefu,
muda ambao sikujua utaishia wapi,
kisha akacheka mpaka kalamu ikamtoka,
akacheka kwa sauti ile ambayo mpiga picha wa serikali
alimwambia aifiche.

Saa nane kasorobo usiku nikachukua tochi.
Zamu yetu ya falaji haijui uchaguzi.
Nikapita ubavuni mwa sabla ya washindi,
viatu mlangoni kama kundi la kondoo,
harufu ya udi na nyama ya chini ya ardhi,
nikashuka mpaka penye mitende.

Huko alikuwako Suleyum, jirani yetu kwa maji,
namba arubaini na nne katika daftari.
"Mpe pole dada yako," akasema. "Mimi nilimpa."
Hiyo ilikuwa mara ya tisa kuisikia
tangu nitoke mlangoni.

Sikumjibu. Akainama, akamulika saa yake,
akangoja mshale umalize duara,
akalivuta jiwe na tambara lake,
na maji yakaingia upande wetu
dakika ile ile iliyoandikwa,
si mbele, si nyuma.