Karafuu ya Jino

Aliniuliza mbele ya mkwe wangu:
"Unavuta sigara?"
Na Bi Time Faki yuko kwenye kiti cha plastiki,
mkoba wa chapati magotini,
macho yake kwenye mdomo wangu
kama mtu angojaye sindano itungwe uzi.

Nikasema hapana.
Hapana nyepesi, iliyovaa ushungi.

Daktari akaiandika.

Kisha akatoa kalamu ya buluu
akanichora, kutoka kidevu hadi mtulinga,
pale uji wa moto uliponimwagikia nna miaka sita:
huku mstari, huku nukta, huku mshale.
Miye fundi cherehani, nusu ya Wete inavaa mkono wangu;
chaki naijua.
Nilimwelewa kabla hajafungua kinywa:
ngozi ataikata pajani, ataipandisha juu,
atie kiraka.

"Kiraka hiki kinakula," akasema,
"na chakula chake ni damu.
Mwenye kuvuta, mishipa yake hubana kama mpira wa suruali mpya.
Damu haifiki. Kiraka kinageuka cheusi,
kinanuka, nakiondoa kwa koleo,
na kovu linalobaki ni baba wa hili."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Time,
"kwetu hakuna mvutaji."

Usiku ule, wodini Mkoani, sikulala.
Nilizikumbuka kanzu za Idi, miaka tisa nyuma,
oda arubaini, umeme unakatika, macho yanafumba,
na mtoto wa jirani nikimtuma dukani:
"Sema fundi anataka mbili, za kaka yake Mbarouk."
Mbarouk kahamia Tanga zamani.
Choo cha uani, dirisha la tundu moja,
udi juu ya kaa, karafuu chini ya ulimi,
hina vidoleni hata pasipo harusi,
maana wekundu huficha manjano.
Nimeishi hivyo.
Mtu huzoea hata mshono wa ndani unaochoma.

Saa tisa za usiku nikatoka, nyuma ya tangi la maji,
nikavuta moja.
Ya mwisho, nikajiambia,
kama nilivyojiambia ile ya juzi.
Mistari ya buluu ikaingia jasho.

Asubuhi akaja Nesi Zuwena na kipimo cha presha.
Akaufunga mkono, akaachia upepo,
kisha akanishika kidole cha shahada
akakileta puani, polepole,
kama mpima karafuu ajuaye iliyokauka na iliyotiwa maji.
"Bibi," akamwambia mkwe wangu,
"pale getini kuna mkate wa ufuta, bado wa moto."
Bi Time akainuka. Viatu vyake vikafifia ukumbini.

"Haya. Ya mwisho lini?"

Ningesema mwaka jana.
Ningesema ni moshi wa kuni.
Lakini kitambaa kibovu nakijua:
ukikishona hakilalamiki,
kinangoja kivaliwe, mbele za watu,
ndipo kipasuke.

"Saa tisa," nikasema. "Nyuma ya tangi."

Hakunigombeza.
Alilikata jina langu kwa mstari mmoja
akaandika jingine juu yake.
Wiki sita bila hata moja, ndipo nirudi.
Na daktari mwenyewe ni mgeni, anaondoka Ijumaa,
akirudi ni baada ya vuli.
Akirudi.

Nililia kwa ajili ya shingo, si kwa sigara.
Uongo. Nililia kwa zote mbili.

Njiani kurudi Wete Bi Time alimega mkate, akanipa upande wenye ufuta mwingi.
Hakuuliza kwa nini shingo yangu ni ile ile.
Tulipoipita Chake ndipo akasema, akitazama nje:

"Nilijua tangu mwaka wa kwanza.
Karafuu haitafuni kila siku
asiyeumwa jino."

Kisha akatia mate pembe ya kanga yake
akaanza kunifuta shingo, mstari baada ya mstari,
akinung'unika kwamba wino wa hospitali hautoki.

"Niachie mmoja," nikamwambia.
"Nisije nikasahau pa kukatia."