Theluthi ya Baba

Musembi wa Luthuli, ghorofa ya pili, nyuma ya wauza spika,
aliniuzia kipakatalishi cha mtumba
chenye kovu la stika ya benki mgongoni.
Alikifuta chote, akapanda Linux ndani
kama mtu apandaye sukuma kwenye gunia.
"Haina virusi, haina leseni, haina deni," akasema.
Hakusema haijui upana wa skrini yake.

Nikafika nacho Kariobangi South, manyunyu ya Julai dirishani.
Nikakiwasha.
Herufi zimenenepa. Duara limekuwa yai.
Pengwini wa ukutani amevimba kama aliyemeza jiwe.
Ni lile shuka la tatu kwa sita
lililolazimishwa kitanda cha nne kwa sita,
likavutwa kushoto, likavutwa kulia,
mpaka maua yake yakapoteza umbo.

Nilichomeka flashi. Picha ya kwanza, Baba.
Mzee Mwakio, mkata vioo wa Gikomba,
ile ya Machi, kwenye kiti cha plastiki nje ya wadi.

Na Baba alikuwa mnono.

Sikucheka.
Mashavu yamerudi. Shingo imejaa kola.
Kifua kimekaa kama kilivyokaa enzi zile
alipobeba kioo cha futi nane peke yake, akivuka barabara,
na watu wakajiona wanatembea ubavuni mwake.
Nikamtazama mpaka chai ikashika utando.

Siku ya kwanza mgeni. Ya pili, mgeni.
Ya tatu nikashika jembe: dirisha jeusi
na kijistari kinachopepesa, kinangoja.
Musembi kwenye simu alinitajia amri herufi moja moja,
herufi sita, irabu moja tu,
neno ambalo ulimi wa Kiswahili haupati pa kukaa.
Nikaliandika. Likanitolea hesabu:
elfu moja na ishirini na nne kwa mia saba sitini na nane,
na nyota pembeni, ndiyo inayotumika.
Elfu moja mia tatu sitini na sita, haimo.
"Basi itunge," akasema Musembi, akila kitu.
Nikaitunga. Mara mbili nilikosea nukta.

Skrini ikazima pumzi moja, ikarudi.
Duara likawa duara.
Na Baba akawa yule wa Machi,
shingo kijiti ndani ya kola, viwiko vitupu,
theluthi yote aliyoongezewa imetoka chumbani
bila kuaga.
Chini yake, swali:
Uhifadhi mpangilio huu? Utarudi ulivyokuwa baada ya sekunde kumi.
Tisa. Nane.

Sikubonyeza.
Sifuri ikafika, na mashine, kwa utiifu,
ikanirudishia baba mnono.

Nikajaribu tena, nikaacha tena.
Sijui mara ngapi. Alikonda mbele yangu, akanenepa,
akakonda. Wadi haikuwahi kuniuliza swali lile.
Wadi haikuwa na sekunde kumi.
Mita ya stima ikaanza kulia: tokeni moja nukta tisa.

Kuna mteja aliwahi kupima dirisha kwa macho
akataka kioo kitoshe hivyo hivyo.
"Kioo hakivutwi," Baba akamwambia,
akakipasua mbele yake, na vipande akavifagia mwenyewe,
wakati nyumbani tulikuwa tunadaiwa kodi ya miezi miwili.
Mama hakumsemesha hadi Jumapili.

Tano. Nne.
Ningemwambia nini, kwamba nimemvuta kama shuka?
Mbili.

Hifadhi.

Picha ikatulia katikati, nyembamba, kweli,
ikiacha weusi kushoto na weusi kulia.
Na katika weusi wa kulia, kwa kuwa skrini nayo ni kioo,
nikajiona nimekaa
ubavuni mwake.