Daftari la Mama Luhwago

Wenye magari walitangulia ukumbini.
Sisi wa basi tuliteremka Ipogolo alfajiri,
tukapanda kilima pamoja na ukungu wa Juni,
vidole vimekufa ganzi mifukoni,
tukicheka kama zamani: baridi ya Iringa
haiulizi nani siku hizi ni meneja.

Mapokezi tukapewa fulana na fomu.
Jina. Mwaka wa kuhitimu. Kazi. Cheo.
Kwenye cheo Ambokile aliandika "baba wa watatu".
Atuganile aliandika mpaka kalamu ikatoka nje ya kisanduku.
Mgeni rasmi alichelewa saa mbili,
akatueleza umuhimu wa kutunza muda.

Tukapiga makofi. Tulifundishwa vizuri.

Zikafuata ahadi: tangi la maji, kompyuta kumi,
kila tarakimu ikishangiliwa kama bao.
Tukasimama dakika moja kwa waliotangulia mbele ya haki.
Majina manne. Nilihesabu.

Ndipo akaingia ambaye hakualikwa,
kitenge kiunoni, sweta ya shule ya mjukuu begani:
Mama Luhwago wa genge la Kihesa,
aliyetulisha miaka mitatu
kwa neno moja tu, "bumu likitoka".

"Kamwene," akasema.
"Kamwene!" ukumbi ukaitika,
hata wa Bukoba, hata wa Korogwe.

Akatoa daftari kwenye mfuko wa salfeti,
jalada limeliwa na mende, kurasa zinang'aa mafuta.
"Sikuja kudai. Nimewaletea majina yenu,
msije mkasahau mlikuwa mnaitwaje."

Kiroboto: chapati mbili.
Mzee wa Supu: supu, bila nyama.
Profesa Soksi Moja: chai, andazi, siku nne mfululizo.
Profesa Soksi Moja sasa ni mkurugenzi msaidizi;
alipanga foleni na simu mkononi,
akalipa mara mia, akafuta miwani.

Nikajitafuta. Mrefu wa Makete.
Wali maharage, wali maharage, wali mtupu.
Elfu kumi na nne na mia mbili.
Juu yake mstari mwekundu, pembeni:
*kalipa Lutengano.*

Lutengano.
Mwaka wa pili mkopo ulimruka jina.
Nilimbeba muhula mzima kwenye kitanda changu,
kichwa huku, miguu kule,
na Alhamisi alipoondoka kitanda kikapanuka,
nami, Mungu anisamehe, nilifurahia blanketi.
Hakuhitimu. Hakufa.
Hatuna kipengele chake.

"Alipata wapi hela, Mama?"
"Aliuza koti. Mwezi huu huu, wa baridi.
Akaniambia, yule Mrefu ana aibu,
atapita njia ya nyuma mpaka amalize chuo,
na njia ya nyuma ina mbwa."

Kweli nilikuwa napita njia ya nyuma.
Kweli siku moja aliniita, "Wewe, njoo ule,"
nikadhani amesahau deni,
nikaushukuru usahaulifu wake
miaka kumi na mitano.

"Yuko wapi?"
"Alikuwa anapakia viazi Uyole.
Mwaka juzi alinisalimia kwa simu ya mtu.
Aliwauliza ninyi, mmoja mmoja, kwa majina haya haya."

Nyuma yetu muziki ulikuwa umeanza,
mtu anatangaza nyama choma na kundi la picha.
Nikachomoa kalamu yangu, ile ya ofisini,
ya kusainia.
"Mama, andika upya. Andika nadaiwa."

Akalamba kidole, akafunua, akafunua,
akalifunga daftari.
"Ukurasa umejaa, mwanangu."
Kisha akanishika koti,
akanifunga vifungo mpaka shingoni,
kama mtu aliyefika chuo leo asubuhi
na hajui baridi ya huku.