Sikio la Nta

Jumanne, saa mbili asubuhi, maabara ya chini ya ngazi.
Nje, theluji ya Ziwa Erie imeyafukia magari yetu,
wala usiseme "kama sanda":
Profesa Vukovich ameipiga marufuku tashbihi hiyo
tangu wiki ya kwanza. "Theluji ni theluji," alisema,
"na sanda ina bei yake. Tofautisheni."

Leo ni sikio.
Kila mtu na donge lake la nta, rangi ya ngozi ya nani sijui,
kisu kidogo, kijiti, taa ya spiriti.
Wiki iliyopita ilikuwa pua. Yangu ilipata sabini na moja:
"Pua ya mtu aliyekasirika," akaandika pembeni.

Nina miaka arobaini na mitatu.
Kumi na tisa niliendesha basi la shule,
kiooni yamejipanga masikio mekundu kwa baridi,
nami sikuwahi kuliona hata moja.
Sasa nayaona mpaka kwenye foleni ya benki:
ukingo, bonde, ndewe,
najikuta nayapima kwa jicho, naona haya, natazama viatu.

Quintrell, jirani yangu wa meza, ni mjukuu wa wazishi.
Nta humtii. Huku akifinyanga ananitahini kwa mtihani wa kesho:
maiti haulizwi sanda, sawa,
lakini mjane huulizwa, mwaloni au chuma?
Na orodha ya bei umpe mkononi
kabla hajaliona jeneza hata moja.
Nasema ndiyo, ndiyo. Vidole vyangu viko kwingine.

Vimekata pengo kwenye ukingo wa juu,
dogo, la kutosha punje ya mchele.

Cheche ya kuchomelea vyuma, kiwandani, kabla sijazaliwa.
Baba alipenda kuning'iniza miwani yake hapo
ili mama acheke.
Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema;
la baba halikusikia hata kengele ya mlango,
mashine zilikwisha kulila.

Siku ya kumuaga, mtu mmoja mwema,
mwenye mikono safi na diploma ukutani,
alikuwa ameliziba lile pengo.
Kazi nzuri. Mshono hauonekani.
Mama alisimama pale muda mrefu, mkoba kifuani,
kisha akaniuliza kwa sauti ya chini
kama tumeingia chumba sahihi.

Profesa analiinua sikio langu kwenye taa.
Anapima: urefu sawa na pua, mwinamo sawa.
Anapitisha ukucha penye pengo, mara mbili.
"Hili liliteleza?"
"Hapana."
Ananitazama. Anashusha miwani, anaandika themanini na nne,
na chini yake, kwa mwandiko wake wa kuku:
*Usiongeze wala kupunguza
kabla ya kuwauliza ndugu.*

Ndugu ni mimi.
Nalilaza kwenye trei, kati ya masikio kumi na manne
yasiyo na kosa.