Kidato cha Tatu

Wiki ya sita Hlynur hajavuka kidato cha kwanza
cha ngazi ya bwawa. Chujio la jikoni mkononi,
anachota maji, anayatazama yakivuja.
Theluji ya Husavik inamshukia kichwani,
mvuke unaipokea nusu ya njia.
Simwiti.
Filimbi nimeifungia kabatini,
na bomba la mvua linalomtia kiwewe
nimelibadilisha kwa ndoo na kata.

Mama yake hakuniomba medali.
"Mara mbili," alisema, "nimemkuta gatini,
vidole vya miguu vimepita ukingo."
Basi.

Kwa hiyo somo letu ni moja tu:
ukianguka, geuka, tazama juu.
Kidato cha pili, Januari.
Cha tatu, siku ile jua
lilipochungulia mlimani likaghairi.
Kiganja changu chini ya kisogo chake,
hakishiki, kipo tu,
kama kisahani chini ya kikombe.

Masikio yakazama.
Nikaona uso ukilegea, kunjo baada ya kunjo:
kule chini hakuna mlango unaobamizwa,
hakuna anayemuuliza anaitwa nani.

Nikakishusha kiganja kidogo. Kidogo tena.
Chujio likazama. Hakulitafuta.

Akalala juu ya maji peke yake,
nami nikihesabu pumzi zake, si zangu.

Kisha akanyoosha mkono, akanishika sikio,
mimi mwalimu wa miaka kumi na tisa,
akalivuta, akalitia majini,
akangoja
mpaka nami nisikie.