Mnyororo wa Saba

Yadi yetu iko nyuma ya kiwanda cha pamba kilichokufa,
Malindi, upande ule ambao watalii hawaupigi picha.
Kivuli ni cha kreni tu, nacho hakitulii:
ukikikalia kinakuhama.

Mimi ni Nyevu wa Baya. Kazi yangu kufunga.
Si kufunga ndoa, hiyo ilinishinda,
wala kufunga mwezi mtukufu, hilo la jirani zangu.
Nafunga chuma juu ya lori lisilo na kuta.

Leo ni roli tatu za bati nene,
kila moja tani saba na ushei,
zimejikunja kama jongoo aliyeguswa.
Nyuma yake mihimili kumi na miwili
ya daraja fulani huko Witu.

Shekuwe amening'iniza mkono dirishani:
"Nyevu, saa tisa hii! Mokowe wananingoja.
Minyororo sita yatosha.
Hata ng'ombe hufungwa kwa kamba moja."

Ng'ombe ana miguu ya kusimamia, nikamwambia.
Huyu wako hana hata mmoja.

Kwanza raba chini, sakafu nzima.
Chuma juu ya chuma ni sabuni.
Kisha kabari za mvule, mbele na nyuma,
zipigwe misumari mpaka mbao igune.
Kisha minyororo kwa msalaba,
wa kulia uvute kushoto, wa kushoto uvute kulia,
kama mashoga wawili wanaogombania leso.
Na penye ncha, kipande cha tairi kuukuu,
maana mkanda hauuawi na uzito,
unauawa na ukingo.

Huku nakaza nahesabu kwa ubeti wangu mwenyewe.
Watu wa Lamu wana mizani yao ya silabi,
Serikali ina mizani yake ya ekseli,
nami nina hizi nane nane za kuchezea ulimi:

    Chuma hakina rafiki
    kikiteleza hushiki
    kwenye kona hakicheki
    kifunge kisisafiri.

Kisisafiri, ndiyo.
Lori ndilo lisafiri.
Chuma kifike Mokowe kikidhani
bado kiko Malindi.

Ngowa alikuwa utingo. Ndugu yangu, tumbo moja.
Amelala kichwani mwa lori, shati limemfunika uso,
pale mbele ya Gongoni mbuzi akaingia barabarani.
Dereva akakanyaga breki.
Lori likasimama.
Mzigo haukuambiwa.

Matangani mtu akasema,
mbio za sakafuni huishia ukingoni,
nami nikaichukia methali ile miaka minne.
Mwaka wa tano nikaja hapa kuomba kazi.
Meneja akacheka: mwanamke, na spana?
Nikamwuliza nani alifunga lile lori la Ngowa.
Akaacha kucheka.

"Sita," akasema Shekuwe.
"Saba," nikasema, na karatasi yake
nikaikalia.

Akashuka. Akautupa ule wa saba juu kwa hasira,
ukatua vizuri kuliko kama angeutupa kwa mapenzi.
Nikaukaza. Nikaupiga kwa nyundo, ukalia kengele.
Ukilia do! kama debe, rudia.

Ukivuka Sabaki simama, nikamwambia, shuka, kaza tena.
Njia hulegeza kile mkono ulichokaza.
Hakujibu. Vumbi lake lilijibu.

Siku tatu nikafunga malori mengine.
Hakuna anayepiga simu kusema mzigo umefika.
Salama haina habari,
haina matanga, haina hata jina la mahali.

Siku ya nne akarudi mtupu,
akaiteremsha minyororo mmoja mmoja, akihesabu,
na ule wa saba hakuutupa.
Aliniwekea mikononi.

Pete moja ilikuwa imevutika, nyembamba shingoni,
inang'aa kama shilingi mpya.

Nikamtazama. Akatazama kreni.
"Punda," akasema. "Pale Minjila."

Basi. Akaenda kutafuta chai.
Mnyororo nikautupa kwenye chuma chakavu,
pete ile nikaikata kwanza.
Nimeitundika kwenye msumari juu ya meza ya karatasi,
na dereva akiniambia sita zatosha
simjibu siku hizi.
Namwonyesha msumari.